Midomo ya Zambarau

Likizo ya Juni, nikiwa darasa la tatu, nilirudi nyumbani midomo ikiwa ya zambarau. Bibi alikuwa uani anakuna nazi. Hata shikamoo sijaimaliza, akaiacha mbuzi, akanishika kidevu.

"Mume wangu, umekula nini?"

"Tandamboo, bibi."

"Nani kakwambia hilo ni tandamboo?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuta kichaka njia ya kwenda mapango ya Amboni, kimeota juu ya mawe ya chokaa, nikala mpaka midomo ikanata. Mchongoma tuliujua sote, nani asiyeujua na kushuka kwake ndiko ngoma? Mengine tuliyatambua kwa kuyaonja.

Bibi akanirudisha kulekule, jua la saa nane, kanga begani. Nilidhani naenda kuchapwa mbali na watu.

Akavunja kijiti, utomvu mweupe ukachuruzika. Nikafurahi, maana mchongoma hautoi maziwa. Bibi hakufurahi. "Ule wa sumu ya mishale nao hutoa," akasema. Akageuza majani: magumu, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Na ule wa sumu hivyohivyo. Maua meupe yenye wekundu kwa nje, yananukia kama asumini. Na ule pia. Matunda yakianza mekundu yanaishia zambarau iliyokolea. Na ule pia! Tumbo likaanza kuniuma, na mpaka leo sina hakika kama liliuma kweli. Ukubwani nilisoma kwamba miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Siku ile ningeambiwa hivyo, nadhani ningezimia.

Mwisho bibi akapenyeza mkono kichakani, akautoa haraka una mkwaruzo wa damu. Akacheka.

"Huyu hapa!"

Akayasogeza majani nione. Kwenye vifundo vya tawi miiba ilijipanga jozi jozi, mmoja huku, mmoja kule, migumu kama sindano za kushonea magunia. Ule wa sumu hauna miiba. Miguu yangu ilikuwa imechanika tangu asubuhi, ila hakuna aliyeiangalia, wote tulitazama midomo.

Akachuma, akafunga kwenye pindo la kanga. Tulipokaribia nyumbani pindo lilikuwa limelegea, na midomo yake ilikuwa kama yangu.

"Usimwambie babu yako," akasema.