Migi kwenye meza ya chakula

Rangi ya tumboni mwa modeli yangu ya ndege imeshakauka na bado sijaamua chini ya mabawa nitundike nini.

Modeli yenyewe ni MiG-21MF, ndege ya kivita ya Warusi, kipimo cha moja kwa arobaini na nane, kazi ya kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech. Mabawa ya ndege halisi yana mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha. Hapa mezani hayafiki sentimita 15. Ililetwa na rafiki yangu aliyekuwa masomoni Prague, ikiwa imeviringishwa ndani ya masweta. Kwa hiyo ninaijenga polepole, maana kipande kikidondoka na kuingia chini ya kabati, hapa Mwanza hakuna duka la kukimbilia.

Nilianza na chumba cha rubani, kama maelekezo yanavyotaka. Warusi walivipaka vyumba vya Migi hizi rangi ya feruzi, si buluu na si kijani, wakiamini inapumzisha macho. Kuipata kwa kuchanganya rangi ni kazi ya jioni nzima, na ikikauka inabadilika tena. Lakini kilichonishika zaidi ni mstari mweupe unaoshuka wima katikati ya dashibodi, katikati ya saa zote zile. Nilidhani ni pambo. Kumbe ndege ikipoteza mwelekeo ikaanza kujizungusha huku inaanguka, rubani anatakiwa asukume fimbo ya kuongozea mpaka ilingane na mstari ule. Basi. Asifikiri kitu kingine. Niliupaka kwa brashi ya nywele chache, huku nimebana pumzi, na muda wote nilikuwa nawaza juu ya mhandisi aliyeuweka. Alijua kuwa siku moja atakayekaa kwenye kiti kile atakuwa amechanganyikiwa kwa woga, akamwachia alama.

Baada ya hapo nikaunganisha pande mbili za kiwiliwili, gundi ya majimaji ikapita kwenye maungio, kisha puti kidogo, kisha msasa wa maji. Hatua hiyo haina hadithi. Mtu anapiga msasa mpaka vidole vinakosa alama.

Mama yuko kwangu, amekuja kliniki ya macho. Alikuja kwa meli kutoka Bukoba na mikungu miwili ya ndizi, kana kwamba Mwanza hakuna soko. Meza ni moja tu nyumbani, kwa hiyo upande mmoja anamenya ndizi na upande wa pili mimi nina tupa, vibano na chupa za rangi. Harufu ya tina haimpendezi, na ameshasema. Siku ya kwanza hakuuliza chochote. Siku ya pili akaninyooshea kisu.

"Hiyo ndege ya nani?"

"Ya Warusi, mama. Inaitwa MiG."

Kisu kikasimama. "Migi? Migi za nduli?"

Nikamwambia ndiyo, aina hiyohiyo Uganda walikuwa nayo. Akaendelea kumenya, lakini nikajua ndizi hizi leo zitachelewa kuiva.

Waliozaliwa juzi labda wasijue, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilivuka mpaka zikaishambulia Bukoba. Mwisho wa mwezi huohuo jeshi lake likaingia na kuikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka ndege zilishindwa kulivunja, likaja kulipuliwa kwa baruti iliyofungwa na watu waliokwenda pale kwa miguu yao. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalihutubia taifa: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hayo tumeyakariri shuleni sote. Mama alikuwa darasa la nne, wanaishi Kibeta, nje kidogo ya mji.

Mimi ni mtu wa modeli, na watu wa modeli tuna ugonjwa wetu. Mama ananisimulia vita, mimi namuuliza aina ya ndege. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21, na hizi hazifanani hata kidogo: 17 mabawa yake yamelala nyuma na ncha zake ni za mviringo, 21 mabawa yake ni pembetatu kamili na nyuma ina mkia mwingine mdogo. Nikachukua penseli, nikamchorea zote mbili kwenye bahasha ya hospitali. "Ilikuwa ipi, mama? Hii au hii?"

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi.

"Mwanangu, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye migomba, bibi yako kanilalia juu. Nani angehesabu pembe za mabawa?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninaijua hii ndege ribiti kwa ribiti. Najua kwamba magurudumu yake ya nyuma yakikunjwa yanajigeuza na kusimama wima ndani ya kiwiliwili, ndiyo maana pale juu ya bawa pana uvimbe. Mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kukutana nayo hakuiona. Anachokijua ni sauti, na hata hiyo anasema ilikuja ndege ikiwa imeshapita: kwanza kimya, kisha kitu kama... hapo akashindwa kusema, akapiga meza kwa kiganja, chupa za rangi zikaruka. Kisha vioo. Vioo vya mjini vilivunjika, na kesho yake watoto wakakatazwa kwenda pekupeku.

Kutoka Entebbe hadi Bukoba, ukikata juu ya ziwa, ni kilomita kama 170. Nilipiga hesabu: kwa kilomita 900 kwa saa ni dakika kumi na moja. Na hiyo ni mwendo wa kawaida, wala si ule wa kujisifia, maana huko juu kwenye hewa nyepesi MiG-21 inapita mara mbili ya kasi ya sauti. Meli iliyomleta mama usiku kucha ingekuwa bado inafungua kamba.

Kitu kingine alichokisema bila kuulizwa ni mashati. Bibi alipoinuka kutoka juu ya mwili wake, kabla hata ya kuangalia nani mzima na nani hayupo, alikimbia uani kuanua mashati meupe ya shule. Mtu alikuwa amewaambia kuwa rubani anaona cheupe kutoka mbali. Tangu siku hiyo mashati yao yalikaushwa ndani, juu ya jiko, yakawa na harufu ya moshi na rangi ya chai ya maziwa, na mwalimu wa zamu hakumchapa mtu kwa ajili ya usafi mpaka vita vilipokwisha. Mama alicheka aliposema hivyo. Ni jambo pekee la vita nililomsikia akilicheka.

Nami wakati anasema nilikuwa na chupa ya buluu mpauko mkononi. Tumbo la ndege linapakwa buluu ile ili mtu wa chini akitazama juu asiitofautishe na anga.

Sikumwambia siku ile. Nilimwambia kesho yake, na akaona ni jambo la kawaida kabisa. "Kumbe na wao walikuwa wanajificha," akasema, akaniomba nimsogezee chumvi.

Tangu hapo nimeshinda kwenye tumbo. Kwa kawaida sisi hatulihangaikii: modeli ikikaa kabatini nani atainama kulitazama? Maelekezo yenyewe yana kurasa za chumba cha rubani na picha chache za chini. Lakini huko chini ndiko ndege hii ilikofanyia kazi yake. Kuna mzinga wa GSh-23L, midomo miwili ya milimita 23, umelala katikati ya tumbo. Pembeni, mbele kidogo, vimebandikwa vibati viwili vidogo ambavyo ukitazama haraka unaweza kudhani ni mabaki ya plastiki, ukavikata. Kazi yake ni kuzuia moshi wa risasi usinyonywe na injini kupitia milango ya hewa ya pembeni, injini ikapaliwa angani. Kuna breki za hewa tatu, mbili mbele na moja nyuma. Na kuna pezi moja refu chini ya mkia. Nikapitisha wino mwembamba wa kahawia kwenye mistari ya maungio, nikaufuta kwa kitambaa kuelekea nyuma, upande upepo unakoelekea, nikaacha weusi kidogo nyuma ya midomo ya mzinga. Hapo ikaacha kuwa mwanasesere. Sijui kama nilifurahi.

Ninaona picha za wenzangu duniani wanaojaza silaha kila mahali pa kutundikia. MF ina sehemu nne chini ya mabawa na moja chini ya tumbo, na wao wanazijaza zote tano. Kwangu huo ni utoto. Ndege halisi ilikuwa maarufu kwa kukosa mafuta ya kukaa angani muda mrefu, ikibebeshwa mzigo wote huo ingekwenda wapi? Hata hivyo nakiri kwamba nilipolifungua sanduku mara ya kwanza, mabomu ndiyo niliyoyatafuta. Yale ya kilo 250. Kila moja lina nusu mbili, na mapezi nyuma. Nilitaka mawili, moja kila bawa, kwa sababu picha iliyokuwa kichwani mwangu tangu utotoni ilikuwa ya Bukoba.

Nikagundisha moja kwa majaribio, nikalipiga msasa. Mama akaliomba. Akavaa miwani mipya, akaliweka kwenye kiganja. Halikufika hata nusu ya kidole gumba.

"Hili ndilo?"

"La namna hiyo. La kweli lina kilo 250."

"Magunia mawili na nusu ya mahindi," akasema, na akawa analipimapima kiganjani.

Imebaki hadithi ya stika. Kwenye karatasi ya sandukuni hakuna Uganda, na swali la mama la siku ile, ndege ya nani, limekuwa gumu kuliko nilivyodhani. Migi za Amin zenyewe zina historia ya kubadili mikono. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walipokuja Entebbe kuwachukua mateka, waliziteketeza kadhaa zikiwa zimeegeshwa, zisije zikawafuata. Nyingine zikaletwa. Kisha Aprili 1979 jeshi letu, JWTZ, likaingia Entebbe, na baadhi ya zilizokutwa pale zikawa zetu. Kwa hiyo ndege moja ingeweza kuipiga Bukoba mwaka 1978 na mwaka uliofuata ikawa mali ya watu wa Bukoba. Nilipomweleza mama hayo akaona suala limekwisha: "Si tuliziteka? Weka ya kwetu."

Ningependa. Lakini kuchora alama za jeshi kwa kubahatisha, ukubwa wa kubahatisha, mahali pa kubahatisha, hilo siwezi, na yeye kama mtu aliyeshona sare za shule miaka yote anapaswa kunielewa: nembo inakaa mahali pake au haikai. Kwa hiyo nimeamua ndege iwe ya Chekoslovakia, ambao waliirusha MF tangu miaka ya 1970, na kabla ya hapo walikuwa wakiunda MiG-21 za mwanzo kwenye kiwanda chao wenyewe cha Aero Vodochody. Modeli imetoka kwao, stika zimetoka kwao, picha zake zipo tele.

"Wacheki walitukosea nini?" mama akauliza.

Hawakutukosea kitu. Ndiyo maana nimewachagua.

Stika za duara, nyekundu, nyeupe na buluu, zimeloweshwa kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu ambayo mama anaidai kwa ajili ya kachumbari. Magurudumu yatakuwa chini. Kwenye tumbo nitaweka tangi moja la mafuta la lita 490, na mabawa yatabaki matupu, reli za kutundikia tu. Mrija mrefu wa puani wa kupimia mwendo utabandikwa mwisho kabisa, kwa sababu ndio unaovunjika kila mtu akipitisha mkono, na hapa nyumbani mikono ya kupita ni mingi.

Mabomu nilikuwa nayarudisha sandukuni mama akanishika mkono. Anataka moja aende nalo Bukoba, amwonyeshe mdogo wake, ambaye siku ile walimtafuta mpaka jioni wakamkuta amejibana ndani ya pipa la kuvundikia ndizi. Mpaka leo anko ni mtu mzima mwenye wajukuu na bado anadai hakuogopa, alikuwa anakula ndizi tu.

Nimemwambia achukue mawili, ila amwambie anko asiyatie mdomoni, rangi ina madini ya risasi au haina, sijasoma chupa.