Kumbukumbu ya mradi wangu: vilele vilivyopotea katika spektra ya protini ya M2

Katika mpango wa mradi huu nilikuwa nimeitengea nafasi ndogo kazi ya kupata spektra safi ya NMR (mchoro wa vilele unaoonyesha jinsi viini vya atomi vinavyoitikia mawimbi ya redio ndani ya uga wa sumaku) ya kipande cha protini ya M2 kikiwa ndani ya utando wa lipidi, yaani wa mafuta, kwa kuwa niliihesabu kuwa maandalizi tu kabla ya kuongeza dawa ya amantadini na kutazama kinachobadilika. Kazi hiyo sasa imegeuka kuwa kiini cha mradi wenyewe, na ndiyo ninayoieleza hapa.

M2 ni protini ya virusi vya mafua aina ya A. Ina asidi amino 97, na minyororo yake minne hukusanyika pamoja katika utando wa virusi na kufanya mfereji wa kupitishia protoni, yaani viini vya hidrojeni. Virusi vikishamezwa na seli, na mazingira yanayovizunguka yakawa na asidi, mfereji hufunguka, protoni huingia, na virusi hupata njia ya kuachilia vinasaba vyake ndani ya seli. Amantadini huuziba mfereji huo, au tuseme ilikuwa ikiuziba, kwa maana badiliko la asidi amino moja tu, serini namba 31 kuwa asparajini, limeenea kiasi cha kuifanya dawa hiyo isitegemewe tena. Mwaka 2008 zilichapishwa picha mbili zilizopingana kuhusu mahali dawa inapokaa: ile iliyotokana na fuwele iliionyesha ndani ya tundu la mfereji, na ile iliyotokana na NMR ya protini iliyoyeyushwa kwa sabuni iliionyesha upande wa nje. Mwaka 2010 kundi la Mei Hong, likitumia NMR ya hali mango (ambayo hupima sampuli isiyoyeyushwa) na amantadini iliyowekewa deuteri, yaani hidrojeni nzito, lilionyesha kwamba katika tabaka mbili za lipidi dawa hushika ndani ya tundu, karibu na serini 31, na kwamba mahali pa nje hujazwa pale tu dawa inapokuwa nyingi. Kwangu mimi, somo la ubishi ule ni kwamba mazingira ya protini si jambo la kupuuzwa hata kidogo, na ndiyo maana nimekataa kutumia sabuni mahali pa lipidi, ingawa ingenirahisishia mengi.

Ninatumia kipande cha asidi amino 25, kuanzia namba 22 hadi 46, yaani sehemu inayopenya utando. Kimeundwa kwa usanisi, na kaboni-13 pamoja na nitrojeni-15, isotopu zinazoonekana kwa NMR, zimewekwa katika asidi amino tatu tu: valini 27, serini 31 na glisini 34. Kaboni-13 ya asili ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, kwa hiyo karibu kila kilele chenye nguvu kisichotoka kwenye lipidi hutoka kwenye asidi amino hizo tatu. Lipidi niliyoanza nayo ni DMPC, ambayo kwa nyuzi 24 hivi za Selsiasi hubadilika kutoka hali ngumu ya jeli kuwa hali laini ya kutiririka. Nambari hiyo nilikuwa nikiijua tangu mwanzo, lakini sikuwa nimefikiri ingetawala kazi kwa kiwango hiki.

Molekuli ndogo iliyomo ndani ya maji hugeukageuka upesi mno, na kugeuka huko hufuta athari zinazotegemea mwelekeo wake katika uga wa sumaku. Protini iliyozama ndani ya utando haina uhuru huo, kwa hiyo vilele vyake hupanuka hadi kumezana. Dawa yake ni kuizungusha sampuli yote kwa kasi ndani ya rota (silinda ndogo ya kuwekea sampuli) iliyoinamishwa nyuzi 54.7 kutoka kwenye uga wa sumaku, kwa kuwa katika pembe hiyo, θ, usemi wa hisabati 3cos²θ − 1 huwa sifuri na sehemu kubwa ya upanukaji hutoweka. Rota yangu ina kipenyo cha milimita 4, nayo huzunguka kama pia mara 10,000 kwa sekunde, ikiendeshwa na hewa kavu.

Pembe hiyo huwekwa kwa kutumia potasiamu bromidi. Bromini-79 huitikia masafa yaliyo karibu sana na yale ya kaboni-13, hivyo probu (kifaa kinachoshika rota ndani ya sumaku) haihitaji kurekebishwa sana. Ishara yake huonekana kwenye skrini kama mfululizo wa miiba, kila mwiba ukitokea rota inapokamilisha mzunguko mmoja. Nikigeuza skrubu iliyo chini ya probu kidogo tu, miiba ya mwishomwisho huinuka au huzama, na kazi yangu ni kuitafuta nafasi ambamo mfululizo huo unadumu muda mrefu kuliko kwingine kote. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, pengine kwa sababu matokeo yake huonekana papo hapo, jambo ambalo ni nadra sana katika fani hii.

Sasa nije kwenye vilele. Katika vipimo vya kwanza, vilivyofanywa karibu na halijoto ya kawaida ya chumba, mikia ya lipidi ilionekana vizuri kabisa, lakini protini haikuonekana. Shauri la kwanza ambalo kila mtu hutoa ni kurudia mapigo mara nyingi zaidi ili kelele ipungue. Shauri hilo lina mpaka wake, kwa maana ubora wa ishara hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio: ukitaka ishara mara mbili ya uliyonayo, unalipa muda mara nne. Zaidi ya hayo, kukusanya kwa muda mrefu husaidia kilele dhaifu, hakusaidii kilele kilichotandazwa na mwendo hadi kikawa sawa na sakafu ya spektra.

Kabla ya kuulaumu mwendo ilinibidi niondoe uwezekano mwingine. Spektra ya fosforasi-31, iliyochukuliwa bila kuzungusha rota, ilitoa umbo pana lenye bega upande mmoja na kilele upande wa pili, ambalo ni alama inayojulikana ya tabaka mbili za lipidi zilizo katika hali laini. Utando, basi, ulikuwa mzima. Kisha nilipima kilele cha protoni za maji, ambacho husogea takriban 0.01 ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha mahali pa kilele) kwa kila nyuzi moja ya joto, nikakuta kwamba msuguano wa hewa umeifanya sampuli kuwa na joto zaidi ya lile linaloonyeshwa na chombo. Tangu hapo halijoto ninayoiandika kwenye daftari ni ile ya maji yaliyomo ndani ya sampuli, kwa sababu ile ya chombo ni ya hewa inayopita nje ya rota.

Nilipopandisha halijoto hadi nyuzi 40, vilele vya protini vilijitokeza, vyembamba ingawa si virefu. Nilipoteremsha kuelekea sifuri vilitoweka kabisa. Nilipoigandisha sampuli hadi nyuzi 30 chini ya sifuri vilirudi, safari hii vikiwa virefu na vipana. Maelezo ninayoyakubali ni haya: kwenye joto, mfereji mzima wa minyororo minne huzunguka upesi kwenye mhimili unaosimama wima juu ya utando, na mzunguko huo husawazisha tofauti za mwelekeo, kwenye baridi kali mzunguko husimama, na katikati yake kasi ya mzunguko hukaribia ile ya mawimbi ya redio tunayotumia kunyamazisha protoni, mambo hayo mawili yakaingiliana, ishara ikafa. Halijoto ya chumba, ambayo ni rahisi kuliko zote kuitumia, iliangukia ndani ya ukanda huo mbaya.

Katika hali zote mbili ambamo vilele vinaonekana, namba zinasimulia habari moja. Kaboni ya alfa ya valini (ile iliyo kwenye uti wa mnyororo) iko karibu na 66 ppm na ile ya beta (inayoifuata pembeni) karibu na 31, na ya glisini iko karibu na 47, zote zikielekeza kwenye heliksi ya alfa, yaani mnyororo uliojisokota kama springi. Serini inasumbua kama kawaida yake, kwa kuwa kaboni zake mbili hukaribiana sana na vilele vyake hukaa karibu na ulalo (mstari wa pembe hadi pembe) wa spektra ya vipimo viwili, mahali ambapo macho hayaaminiki.

Mzunguko huo, ukishaeleweka, una faida yake. Kwenye nyuzi 40 mvutano wa sumaku kati ya nitrojeni na hidrojeni yake hupungua kwa kiasi kinachotegemea mwinamo wa heliksi, kwa hiyo kwa kuupima mtu anaweza kukokotoa mwinamo wenyewe bila kuilaza sampuli juu ya vioo ili heliksi zote zielekee upande mmoja. Vipimo vilivyochapishwa kwa utando mwembamba wa lipidi ya DLPC vinatoa nyuzi 35 hivi. Ninatarajia DMPC, yenye mikia mirefu zaidi, isiufanye mwinamo uwe mkubwa kuliko huo, ila ubora wa spektra zangu za sasa bado haunipi haki ya kuandika namba.

Kwa upande wa dawa, sitaki kufanya kazi kwenye barafu peke yake, kwani upana wa vilele huko unaweza kuficha mabadiliko madogo. Nimeamua kuandaa utando wa pili wenye sfingomielini na kolesteroli pamoja na fosfolipidi za kawaida, mchanganyiko unaofanana zaidi na ganda la virusi, ambao imekwisha kuonyeshwa kwamba huituliza M2 hata bila kuigandisha. Lipidi hizo zimekwisha kukaushwa pamoja na kipande cha protini, na sasa zinarudishiwa maji yenye bafa (kemikali za kudhibiti asidi). Mashapo yatakayopatikana kwenye sentrifuji yakiwa na maji ya kutosha yataingia kwenye rota, nami nitaanza na fosforasi-31 na kilele cha maji kabla ya kugusa kaboni. Amantadini itafuata baadaye, nikitazama kwanza valini 27 na glisini 34, na serini 31 nikiweza kuitenganisha na ulalo.