Pumzi ya Nyangumi

Wapendwa katika Bwana,

Wengi wetu nyangumi tunamjua kwa habari ya Yona, na habari hiyo huishia tumboni. Juma hili tukae puani mwake. Katika Mwanzo 1:21, Biblia yetu ya Kiswahili inamtaja yeye kwa jina, tofauti na viumbe wengine wote wa majini. Ajabu ni kwamba huyu aliyepewa bahari yote hakupewa kupumua ndani yake. Si samaki, wala hana matamvua. Ana mapafu kama yetu, damu yake ni ya joto, hunyonyesha, na mkia wake hupiga juu na chini, si kushoto na kulia kama wa papa.

Pua yake iko utosini. Nyangumi wenye meno wana tundu moja. Wale wanaochuja uduvi kwa mabamba yenye nyuzi kinywani wana mawili. Tundu hilo hubaki limefungwa mpaka msuli uvutwe kulifungua. Sisi tukilala tunapumua bila kujua, ila nyangumi hupumua kwa kukusudia, hata usingizini. Pomboo, ambao ni jamaa zake, hulaza nusu moja ya ubongo huku nyingine ikikesha. Kachaloti, yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, husimama wima majini kama nguzo na kusinzia dakika 10 hadi 15 tu. Na ule mvuke mweupe unaoonekana kwa mbali si maji ya bahari aliyoyameza, bali ni pumzi yake ya joto ikikutana na hewa ya nje. Kwa pumzi moja hubadilisha asilimia 80 hadi 90 ya hewa iliyo mapafuni. Mtu aliyetulia hubadilisha 10 hadi 15 hivi.

Kachaloti hukaa juu kama dakika 10 akivuta pumzi moja baada ya nyingine, kisha huzama dakika 40 na zaidi, hata kupita mita 1,000. Ungedhani anategemea mapafu yaliyojaa hewa. La. Kadiri anavyoshuka, uzito wa maji humkamua, mbavu zake hukunjika bila kuvunjika, na mapafu hunywea. Oksijeni anayoishi nayo kule gizani ameshaihifadhi katika damu na katika misuli. Misulini hukaa ndani ya protini iitwayo mayoglobini, iliyo nyingi hata nyama yake huonekana karibu nyeusi. Moyo nao hupunguza mwendo. Nyangumi wa buluu aliyebandikwa kifaa cha kupimia alishuka hadi mapigo 2 kwa dakika, na aliporudi juu alipita 30. Damu hutunzwa kwa ajili ya ubongo na moyo. Viungo vingine hungoja.

Mtunga zaburi anasema ameliweka neno la Mungu moyoni mwake (Zaburi 119:11). Kuliweka ni kazi ya siku za utulivu, tungali juu, kidogo kidogo, mpaka liingie kwenye misuli. Anayengoja msiba ndipo afungue Biblia anazama akitegemea mapafu, na mapafu hunywea.

Kupanda nako kuna utaratibu wake. Mwaka 2002, wakati wa mazoezi ya kijeshi karibu na Visiwa vya Canary, nyangumi wa jamii ya wazamao sana walikwama ufukweni, na waliopasuliwa walikutwa na viputo vya gesi mwilini. Maelezo yenye nguvu ni kwamba sauti kali za sona, mitambo ya meli inayotafuta vitu majini kwa sauti, ziliwashtua, wakavuruga mpango wao wa kuzama na kupanda, na hivyo viputo vikatokea. Nyavu nazo huua kwa njia nyepesi kueleweka: aliyenaswa asiweze kufika juu hufa kwa kukosa hewa katika bahari ileile aliyozaliwa.

Ukimkuta amekwama ufukweni akiwa hai, ita mamlaka ya bahari au ya wanyamapori mara moja. Usimvute mkia, maana viungo huteguka. Mwagilia ngozi, mfunike kwa nguo zilizoloa, lakini tundu la pua liache wazi, pasiingie maji wala mchanga. Tafuta kivuli, kwa kuwa mafuta yaliyo chini ya ngozi yaliyomkinga na baridi sasa yanampika, na uzito usiobebwa tena na maji unayakandamiza mapafu yake. Watu wakae mbali, kimya. Kumtunza hivyo ni ibada pia. Zaburi 150:6 inamwita kila mwenye pumzi amsifu Bwana.

Mtoto wake huzaliwa majini, mara nyingi mkia ukitangulia, na pumzi ya kwanza iko juu. Mama humsaidia kuifikia. Wa buluu hunyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi na huongezeka kama kilo 90 kwa siku. Wa kachaloti hawezi kumfuata mama kwenye kina kirefu, na mama lazima ashuke akale. Hivyo majike wa kundi hawazami wote kwa pamoja. Hupokezana, huyu akishuka yule anapanda, ili juu asikosekane mkubwa karibu na mtoto.