Gasketi ya tapeti kava na mchanga wa Malindi

Harufu ya oili inayoungua kila unaposimama, na ubavu wa injini umeloa: mara nyingi gasketi iliyochoka ni ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na kazi yake yafanyika nyumbani kwa asubuhi moja. Hedi gasketi, ile iliyo chini ya hedi yenyewe, ni habari nyingine. Maji yakipungua bila kuvuja nje, au oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupimia hedi.

Tuchukue 1NZ-FE, injini ya Probox nyingi.

Adui wa kwanza ni mchanga. Kava ikitoka, kamshafti na cheni hubaki wazi. Anza mapema kabla upepo wa bahari haujashika, wala usiegeshe chini ya makuti, yanadondosha vumbi. Futa juu ya injini kabla ya kulegeza bolti hata moja.

Injini iwe baridi, waya hasi wa betri umetolewa. Koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimefungwa kwa bolti namba 10. Zungusha kila moja kidogo ndipo uvute. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, inyonye kwa bomba la sindano kabla ya kugusa plagi, la sivyo itashuka ndani ya silinda. Oili hiyo ndiyo inayolainisha raba za koili mpaka gari linaanza kukosa moto, kwa hiyo nunua gasketi pamoja na raba za mashimo hayo.

Bolti za kava nazo ni namba 10. Hewa ya chumvi huku kwetu hula vichwa vyake. Tumia soketi ya pembe sita. Kava iking'ang'ania, igonge pembeni kwa nyundo ya raba. Usichomeke bisibisi: hedi ni alumini, na mkwaruzo mmoja ni njia ya oili. Gasketi kuukuu ikwangue kwa plastiki, kisha futa pande zote mbili hadi kitambaa kitoke kikavu. Gasketi mpya juu ya oili huteleza kwenye mfereji wake.

Silikoni ni tone dogo tu mahali pawili, pale kava ya cheni inapokutana na hedi. Tafadhali usizungushie kote! Inayominywa ndani hukatika, ikashuka hadi chujio la pampu ya oili, na injini ikakosa oili.

Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, hadi Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni kama kuning'iniza kilo 5 kwenye mpini wa sentimita 20, yaani pakiti mbili na nusu za unga wa kilo 2. Ukizidisha, kava inapinda au nyuzi zinakatika.

Ngoja saa mbili silikoni ishike, washa, umulike kingo zote kwa tochi. Tikisa pia vali ya PCV, ile inayotoa presha ndani ya injini: isipogonga imeziba, na presha iliyofungiwa ndani itasukuma oili hata kupitia gasketi mpya.