Pampu ya sola ya mjomba: wiki ya sita, na modeli inayotuunganisha

Jumamosi

Leo pampu imetusumbua kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Ukiiwasha inanguruma sekunde mbili tatu, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inalia tak, kimya. Baada ya muda kidogo, tak, inanguruma tena. Mjomba alisimama kando ya tangi akisubiri maji ya nyanya zake, na yaliyofika juu hayakujaza hata ndoo.

Tuko watatu. Mimi nashika umeme, mwenzangu ni fundi wa pampu na mabomba, na dogo anaandika programu ya kontrola, kifaa kinachowasha na kuzima pampu. Kila mmoja alikagua kazi yake akaikuta iko sawa. Fundi akafungua daftari: lita 2,000 kwa saa, kuinuliwa mita 18, hiyo ni kama wati 98 za kazi yenyewe, pampu ina ufanisi wa asilimia 40, basi inataka kama wati 245. Nami nikatoa hesabu yangu: volti 24, ampea 10, waya wa milimita za mraba mbili na nusu, mita 8. Njiani inapotea volti moja na kidogo. Dogo naye: volti zikishuka chini ya 22, zima pampu, betri isife. Hakuna aliyekosea.

Kilichobadilika ni kivuli cha mwembe. Wiki ya tatu fundi aliona kinafunika paneli, akazihamisha pamoja na betri hadi banda la mbuzi, mita 30 kutoka kisimani. Uamuzi mzuri, na akauandika kwenye mchoro wake. Mchoro wangu ukabaki na mita 8, na siku ya kuvuta waya sikuwepo.

Mita 30 kwenda na 30 kurudi ni mita 60 za shaba, karibu omu 0.41. Kwa ampea 10 zinapotea volti 4. Nilipopima betri bandani nilipata 25. Kontrola, ambayo iko kisimani, ilikuwa inaona chini ya 21. Inadhani betri imekwisha, inakata. Mkondo ukikatika volti zinapanda, inawasha. Tak.

Jumapili

Nimekaa na modeli tangu asubuhi, yaani maelezo ya mfumo mzima ambayo kompyuta inaweza kuyakagua. Ninatumia SysML, lugha ya kuelezea mifumo, toleo la 2, lililopitishwa rasmi na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 2025, kwa sababu unaweza kuiandika kama maandishi ya kawaida na kuihifadhi kwenye Git, inayotunza kila badiliko, pamoja na programu ya dogo. Kwa ajili ya majaribio naifungua ndani ya Jupyter, daftari la kompyuta la kuandikia na kuendesha kodi, bila malipo.

Mwezi uliopita nilitaka kuweka kila kitu humo, hadi boliti za kushikia paneli. Wenzangu hawakuifungua hata mara moja, na sasa naelewa sababu: fundi ana jedwali lake la Excel analoliamini, dogo ana programu yake. Kuwahamisha huko ni kuwapa kazi ya pili. Nimefuta karibu yote. Yamebaki yale tu yanayotoka mkononi mwa mmoja kwenda mkononi mwa mwingine, namba 14, kila moja ikiwa na kipimo chake na mwenye kuijibia. Umbali wa waya ni wa fundi. Unene wa waya ni wangu. Kikomo cha volti ni cha dogo. Kisha sharti moja linalotufunga wote: volti ya betri, ukitoa zinazopotea njiani, lazima izidi kikomo cha kontrola.

Nikaandika 8, sharti likatimia. Nikaandika 30, likakataa papo hapo. Nilikaa kimya nikiitazama ile “false” (si kweli) muda mrefu. Jibu hilo lingepatikana wiki tatu nyuma, kabla hatujanunua waya.

Jambo hili limewapata wakubwa pia. Ndege ya A380 ya Airbus ina nyaya zipatazo kilomita 530. Wahandisi wa Ujerumani na Uhispania walichora kwa toleo la nne la CATIA, programu ya kuchorea, wale wa Ufaransa na Uingereza kwa la tano. Nyaya zilipofika Toulouse, Ufaransa, kufungwa, nyingine zilikuwa fupi. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007, baada ya kuchelewa kwa zaidi ya mwaka. Waya mfupi, waya mrefu: mchoraji mmoja hajui kilichobadilika kwa mwenzake.

Jumatano

Nimeandika programu fupi kwa lugha ya Python. Inasoma umbali na urefu wa kuinua maji kutoka jedwali la fundi, inavipeleka kwenye modeli, inakagua masharti, na yakitimia inamtengenezea dogo faili la vikomo linaloingia moja kwa moja kwenye kontrola. Fundi hajabadilisha chochote katika kazi yake ila kuweka jina na kipimo juu ya safu mbili.

Modeli ikasema waya wa milimita za mraba kumi: upotevu unashuka hadi volti moja. Ni ghali kwa mjomba, lakini wa sita ungepoteza 1.7, na mimi nataka nafasi kwa ajili ya mkondo mkubwa wa pampu inapoanza kuzunguka.

Jumamosi

Waya umevutwa. Saa tatu na nusu pampu ikawaka na haikukata. Tangi lilifurika saa nane, na hapo tukagundua hatujaweka boya la kuzima maji yakijaa. Fundi analitaka ndani ya tangi, dogo anauliza litampa ishara gani, mimi nauliza waya wake utapita wapi. Safari hii tumeanza kwa kuongeza mistari mitatu kwenye modeli, na hakuna aliyekwenda dukani bado.