Uzi mwekundu kwenye mkorosho

"Mama, kwa nini mbegu ya bibo iko nje?"

Bibo ni ile sehemu laini yenye maji, ambayo korosho huning'inia chini yake. Nilikuwa nimeinama chini ya mkorosho, ndoo imejaa nusu. Nikamjibu kama mama yangu alivyokuwa akinijibu mimi: "Ndivyo Mungu alivyoiumba. Okota, jua linapanda."

Kitindamimba wangu akanyamaza, akaendelea kuokota. Kimya chake kilinisumbua njia nzima, kutoka shambani kwa mama, jirani na Naliendele, mpaka nyumbani kwetu Magomeni hapa Mtwara mjini. Kwamba Mungu ndiye aliyeumba, naamini. Lakini mtoto hakuuliza nani, aliuliza kwa nini. Na mimi sikuwa na jibu. Nimekulia kwenye mikorosho, ada yangu ya shule ililipwa na korosho, nimebangua mpaka mafuta ya maganda yakanibabua vidole, na siku zote hizo sijawahi kujiuliza jambo hilo.

Usiku, tukiwa kwenye mkeka, nikamwambia: "Lile swali lako mama yako halijui. Msimu ujao tutalitazama wenyewe kuanzia kwenye ua." Alinitazama kwa mshangao. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia nikisema sijui.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo vipande vya nyuzi havikosekani nyumbani. Mwezi wa saba mikorosho ilipotoa maua, tukachagua siku ambayo mama hapulizi salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, tukaenda. Binti yangu alifunga vichala vinane, kila kimoja uzi wa rangi yake. Kabla hajafunga nilimwomba achore anavyodhani itakuwa. Akachora kibibo kidogo, halafu korosho ikichomoza chini yake kama kucha. Mimi pia nilidhani hivyo hivyo. Mama yangu, ambaye amelima korosho tangu hajaolewa, aliutazama mchoro, akatabasamu, akaenda zake kupalilia. Namshukuru sana kwa kutosema neno. Sisi wazazi tuna haraka ya kutoa majibu, na tukishayatoa mtoto hana tena sababu ya kutazama.

Basi kila Jumapili tukawa tunakwenda. Nyuzi tatu tulikuta vichala vyake vimekauka, na binti alilia, maana ule wa njano ndio aliokuwa ameupenda. Bibi yake akamkalisha, akamweleza kuwa maua mengi ya mkorosho ni madume, hayazai, ndiyo maana chini kunajaa maua. Hilo nalo likaingia daftarini.

Kwenye uzi mwekundu kikatokea kikorosho cha kijani, kimeinama, peke yake. Bibo hakuna. Jumapili iliyofuata kimekua, bibo bado hakuna. Korosho ilifika ukubwa wake karibu wote, na pale juu yake palikuwa na kikonyo tu, chembamba. Kisha kikonyo kile kikaanza kunenepa, na katika majuma machache kikawa bibo.

"Mama, nilikosea!" Alisema kwa sauti kubwa, anaruka, anamkimbilia bibi yake amwonyeshe mchoro wake wa zamani.

Ninachotaka hasa kuwaeleza wazazi wenzangu ni hiki. Mtoto huyu huyu, katika majuma hayo hayo, alikuwa amelificha daftari la hesabu nyuma ya kabati. Nililipata nikifagia. Hesabu za kugawanya, amekosa nane kati ya kumi. Kosa la shambani lilimrusha kwa furaha, la darasani alilizika. Nilikaa kitandani na daftari lile muda mrefu. Tangu darasa la kwanza, kila alipofanya vizuri nilikuwa nikimwambia, tena mbele ya majirani, "Mwanangu ana akili!" Sasa kugawanya kumemshinda, angeniletea vipi?

Baadaye nilisoma kuwa mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, waliandika juu ya jambo hilo. Watoto waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu walivunjika moyo na wakafanya vibaya zaidi, lakini waliosifiwa kwa bidii waliyataka magumu. Nilimwona binti yangu mle.

Siku hizi simwambii ana akili. Namuuliza, "Hii umeifanyaje?" na ninakaa nimsikilize, hata kama suruali ya mteja inasubiri. Tuligawanya kwa maganda ya korosho, mafungu sakafuni, majuma mawili. Bado si hodari, lakini daftari liko mezani.

Kaka yangu hakufurahia mambo haya, na kwetu mjomba ana sauti nzito kwa watoto wa dada yake. "Dada, mtoto anayewauliza wakubwa kila kitu anapoteza adabu." Sikubishana naye. Nilimfundisha binti kusubiri wageni waondoke, na kuanza na "samahani mjomba". Kuuliza sikumkataza.

Bwana shamba alipopita, alituthibitishia kuwa tunda halisi la mkorosho ni ile korosho, na bibo ni kikonyo kilichovimba. Binti akauliza papo hapo: "Sasa kinavimba cha nini?" Bwana shamba akasema wapo wanyama, kama popo, wanaofuata bibo na kuibeba korosho mbali.

Jioni ile kaka alikuja kula. Akasubiriwa amalize, anawe.

"Samahani mjomba. Popo anawezaje kuliona bibo gizani?"

Kaka alinitazama, akamtazama mpwa wake, akafikiri.

"Sijui, mjomba. Ijumaa tukalale shamba kwa bibi, tukeshe tuone."

Nimeshanunua betri za tochi.