Nguva wa Sahare

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miaka tisa. Jioni moja alinijia jikoni mbio na simu ya shangazi yake. "Mama, nguva kavuliwa Sahare!" Kwenye picha kulikuwa na kiumbe mwenye uso na kifua cha mwanamke, mkia wa samaki, kalazwa mchangani. Nilikuwa nakamua tui. Nikatupia jicho mara moja: "Uongo huo. Ya kwenye simu usiyaamini."

Jumamosi tukaenda Sahare, ufukweni hapa Tanga, kununua samaki. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, alikuwa akishona jarife kivulini. Akamsimulia binti yangu habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani katoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakawa wanamkuta kwenye majarife, na mwaka 2009 Tanga ikatengewa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

"Uongo huo, babu," binti yangu akasema.

Maneno yangu yaleyale, hata sauti ni yangu. Nilimwomba mzee radhi, lakini kilichoniuma zaidi ya utovu wa adabu ni kwamba mtoto alikuwa amenitii. Nilimpa neno la kukatalia, sikumpa njia ya kuangalia.

Nikamwomba wifi anirushie ile picha. Tukakaa ubavuni mwa ngalawa.

"Nyuma ya huyo nguva unaona nini?"

Akaikuza kwa vidole viwili. "Milima." Akainua uso. Mbele yetu maji yalikuwa yamekupwa, pembeni mikoko mitupu. Akairudia picha, safari hii bila haraka. "Na boti ina maandishi. Herufi hizi sizijui, mama."

"Basi nguva hayupo?"

Hapo nilitaka kujibu upesi, nikajizuia. Nikamweleza kuwa nguva yupo, mnyama mnene anayekula nyasi za baharini na kunyonyesha mwanawe, siku hizi adimu sana. Uso wa mtu ndio hana. Akanyamaza kitambo.

Kisha akamgeukia mzee. "Samahani babu. Huyo silikanti, ulimwona mwenyewe?"

"Kwa macho haya, mjukuu wangu. Magamba makubwa, mapezi kama vijimkono."

"Na nani mwingine alimwona?"

Mzee akaweka sindano chini, akaanza kuwahesabu kwa vidole.